Ngojeni Mafuta Yapoe

Bwana Yesu asifiwe. Kaeni, ndugu zangu.

Walionisikia Changamwe na Mikindani wanajua nitafungua wapi: Mathayo 18, kuanzia mstari wa 23. Sitausoma wote. Mfalme, mtumwa mwenye deni, na mtumwa mwenzake. Mfalme alimsamehe mtumwa deni lote, naye akatoka akamfunga mwenzake aliyekuwa na deni kwake, mfalme akasikia, akakasirika. Mnaijua hadithi hii tangu utotoni. Leo nataka tuhesabu pesa, kwa sababu wahubiri wengi huziruka, na wakiziruka wanatuharibia hadithi.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Talanta moja ni kama dinari 6,000. Tuchukue kibarua wa hapa Kisauni, Mombasa, anayelipwa shilingi 600 kwa siku. Mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta 10,000. Pigeni hesabu: siku milioni 60 za kazi, shilingi bilioni 36. Akifanya kazi siku 300 kila mwaka, atamaliza baada ya miaka laki mbili. Mwanahistoria Josephus anasema Herode Antipa, mtawala wa siku za Yesu, alikusanya talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea zote mbili. Kwa hiyo deni la mtu huyu mmoja ni mapato ya miaka 50 ya mtawala yule. Halafu anapiga magoti na kusema, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Utalipa na nini, baba?

Sasa deni la pili, dinari 100. Hapa ndipo nagombana na wenzangu wa mimbarini. Wanasema vijisenti. Si vijisenti! Ni shilingi 60,000, zaidi ya miezi mitatu ya jasho la kibarua. Yesu hakusema kwamba uliyodhulumiwa ni kitu kidogo. Aliyekula pesa zako amekula pesa zako. Ukimwambia mtu aliyeumizwa, "Samehe tu, ni jambo dogo," unamwongezea jeraha, wala Bwana hakukutuma kusema hivyo. Alichosema ni kwamba hizo 60,000 za kweli ziwekwe kando ya zile bilioni 36 ulizosamehewa, kisha uutazame mkono wako uko wapi. Maandiko yanasema ulikuwa kooni: "Akamkamata, akamshika koo, akisema, Nilipe uwiwacho."

Mkono huo ninaujua. Miaka iliyopita nilikuwa mweka hazina wa chama kimoja cha kanisa. Kanisa silitaji. Kulikuwa na mama akiuza viazi karai kando ya njia, kibanda cha mabati, na ukwaju wake watu waliufuata kutoka mbali. Alikopa kwetu shilingi 14,000. Akalipa miezi miwili, mtoto akalazwa hospitali, malipo yakasimama. Alipokuja kikaoni aliomba miezi miwili ya kupumua. Katiba yetu ilikuwa na faini ya kuchelewa na faini ya simu kulia kikaoni. Kifungu cha mwenye mgonjwa hakikuwamo. Ilisema miezi mitatu bila malipo, mali ichukuliwe. Siku ya kuamua tulifungua kwa Baba Yetu, tukaisema yote mpaka amina: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Ajenda ya pili ilikuwa yeye. Tukatumwa watu wanne, mimi mmojawapo.

Tulimkuta anakaanga. Karai limejaa, wateja wawili wamesimama wakingoja. Mwenyekiti akasoma barua. Mama hakubishana. Akawafungia wateja viazi vyao, akapokea pesa, akachomoa kuni jikoni. Kisha akatugeukia na kusema, "Ngojeni mafuta yapoe, yasije yakawaunguza."

Tukangoja. Tulikaa kwenye benchi la wateja wake robo saa, pengine zaidi, sisi wanne tuliookoka, tukisubiri mafuta yapoe tumchukulie mwenzetu chombo cha kazi. Robo saa nzima ya kubadili nia, na hakuna aliyeitumia. Mimi nilikuwa naangalia saa. Aliyekabwa koo ndiye aliyekuwa akiuhurumia mkono wa mkabaji.

Akamimina mafuta kwenye debe, akalipangusa karai kwa gazeti, akatukabidhi. Nilishika sikio moja. Lilikuwa bado na joto. Tuliliuza shilingi 1,800. Deni likabaki pale pale, na njia pekee ya kulilipa tulikuwa tumeibeba mikononi. Mtumwa yule naye alimtupa mwenzake kifungoni mpaka alipe. Aliye kifungoni atalipa na nini? Nilipokuja kumtafuta mama yule, kibanda hakipo. Jirani akasema amerudi kwao Kaloleni. Nilikwenda mara mbili, sikumpata.

Najua kuna mtu wa hesabu hapa anasema moyoni, "Mwalimu, kwa mtindo huo chama kitakufa." Sikiliza vizuri. Mfalme mwenyewe alifungua daftari. Hadithi inaanza na hesabu. Huruma haichomi daftari. Lakini wote wawili waliomba jambo moja kwa maneno yale yale, nivumilie, yaani nipe muda. Mfalme alipita ombi, akafuta lote. Mtumwa hata muda alimnyima mwenzake. Sijawaambia mgawe pesa za wajane barabarani. Nauliza kwa nini hata muda tunaunyima.

Na nyinyi vijana mnaoniambia Mungu ni upendo, habari za hukumu tuwaachie wazee. Tazameni mstari wa 31. Wajoli wake walipoona, "walisikitika sana," wakaenda kumweleza bwana wao. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mnayetumikia bwana mmoja. Neno hilo mji huu unalijua kwa mwili. Freretown ilianzishwa hapa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na Kengeleni, penye kengele yake ya zamani, tunapapita kila siku. Siku nyingine nitawaeleza habari hizo. Mwulizeni aliyeshikwa koo kama anataka mfalme asiyekasirika. Mfalme akinyamaza, huyo wa kifungoni atamlilia nani? Hasira ya mfalme ni huruma kwa yule aliyekabwa. Mimi naiogopa, kwa sababu najua siku ile ya karai nilikuwa upande gani, na bado naihitaji iwepo.

Dakika zangu zimekwisha na Yakobo 2:13 hatujaigusa: "Maana hukumu haina huruma kwake yeye asiyeona huruma. Huruma hujitukuza juu ya hukumu." Kondoo na mbuzi wa Mathayo 25 mkasome nyumbani. Mtaona waliohukumiwa hawakuulizwa walichokiamini juu ya Utatu. Waliulizwa habari za njaa, kiu na kifungo.

Anayeuliza kama basi tunanunua wokovu kwa huruma, angalia mpangilio tu. Mfalme alisamehe kwanza, kabla mtumwa hajafanya lolote. Hakuna aliyenunua kitu. Alipewa, akatoka nje, na mlangoni akakutana na mjoli wake.

Jumamosi chama chenu kina kikao. Katibu ameniambia daftarini mna majina manne yaliyopita miezi mitatu. Naomba jambo moja, mwenyekiti, na nitakuja kulisikia mwenyewe: kabla ya sala ya kufungua, yasomwe majina yale manne, na mmoja wenu aseme kila mmoja amepatwa na nini. Kisha ndipo msimame mseme Baba Yetu.