Mzee Huyu Anasema Lugha Gani?

Hamjambo nyote. Nawashukuru mlioacha wadi zenu Jumamosi hii mkaja kukaa nami, na zaidi nawashukuru mama na baba mliokuja na wagonjwa wenu, maana najua safari hiyo inavyochosha. Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti, na juu ya namna sisi tunaotibu usemi uliovurugwa na maradhi ya ubongo tunavyoweza kushikana mikono. Nitafika huko. Ila nitapitia kwanza kwa mzee mmoja wa Bombo, hapa Uganda.

Alikuwa askari mstaafu, Mnubi. Nyumbani akisema Kinubi. Jeshini, kwa zaidi ya miaka 20, Kiswahili. Sokoni Kiganda. Kiingereza alikihitaji kwenye fomu tu. Alfajiri moja alipigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikapooza, na maneno yakamtoka. Nilimwona wiki ya tatu. Nilikuwa na daftari moja la vipimo, la Kiingereza, nililorithi kwa aliyenitangulia. Nikamwambia kwa Kiingereza aoneshe dirisha, kisha mlango. Akanitazama tu. Nikaandika kwenye faili: haelewi hata amri rahisi. Maneno hayo yalikaa pale wiki mbili. Kila aliyeingia wadini aliyasoma, akampita mzee, akaongea na mkewe.

Siku moja mwenzangu wa fiziotherapia alikuwa akimsimamisha kitandani, na kama ilivyo desturi yake akaanza kuhesabu: moja, mbili... Mzee akadakia: tatu, nne, tano, hadi kumi, kwa sauti ya gwaride. Mkewe, Hajati, alikaa sakafuni akalia. Baadaye akaniuliza kwa upole sana, "Mwanangu, si uliandika kwamba haelewi?"

Niliandika, na nilikosea. Nimelibeba kosa hilo hadi leo, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Lakini kabla hatujafurahi na Hajati, tuelewane juu ya kuhesabu. Mtu anayehesabu moja hadi kumi hajarudi kwenye kusema. Hesabu, sala, salamu, nyimbo na matusi hutoka kwa mkupuo, kama uzi wa shanga: ukivuta ya kwanza zinafuata zote. Mwambie mtu huyohuyo ataje "saba" peke yake, atakwama, au itambidi aanze tena kutoka moja. Jambo hili ni la zamani katika fani yetu. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka kama 20 alikuwa akijibu kila swali kwa silabi moja, "tan". Lakini alipokasirika alitoa laana nzima, imekamilika. Leborgne alifariki siku chache baadaye, na Broca akakuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo wake imeharibika. Leborgne pia alikuwa amepooza mkono na mguu wa kulia, kama mzee wetu, kwa kuwa ubongo wa kushoto ndio unaoendesha kulia.

Kwa hiyo ile hesabu haikuwa dawa. Ilikuwa mlango. Ilituonesha kwamba mdomo na ulimi vinafanya kazi, na kwamba ndani ya mzee kuna Kiswahili. Nikarudi na kiti, nikakaa chini ya usawa wa macho yake, nikasema, "Afande, funga macho." Akafunga. "Inua mkono." Akainua wa kushoto. "Gusa pua, kisha nioneshe mlango." Akagusa pua, akasita. Hajati alipomwambia maneno hayohayo kwa Kinubi, alifanya yote mawili. Kwa Kiganda alishika neno hapa na pale. Mtu niliyeandika kwamba haelewi alikuwa akielewa lugha mbili, moja vizuri, moja kwa kiasi chake.

Hali hii tunaiita afazia: lugha yenyewe imejeruhiwa, kusema, kuelewa, kusoma na kuandika, kila kimoja kwa kadiri yake. Akili ya mtu na heshima yake vimebaki. Disathria ni tofauti, kule misuli ya usemi ndiyo dhaifu na maneno hutoka yamelegea. Apraksia ya usemi ni tofauti tena, misuli ni mizima lakini mpangilio wa kuiamrisha umevurugika. Na disfajia, shida ya kumeza, ndiyo tunayoitiwa wadini mara nyingi kuliko zote, kwa sababu uji ukiingia mapafuni unaua. Hayo mnayajua, siyarefushi.

Ninalotaka kulirefusha ni hili la lugha nyingi. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alishikilia kwamba kilichoingia kwanza kichwani ndicho kinachodumu, kwa hiyo lugha ya utotoni ingepaswa kurudi mapema. Mwaka 1895 Albert Pitres akasema sivyo, hurudi kwanza ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua. Wagonjwa waliofuata hawakumtii yeyote kati yao. Wengi hurudishiwa lugha zao zote pamoja, kwa mwendo mmoja. Wengine hupata moja na kuikosa nyingine. Michel Paradis, wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montréal, alitoa mwaka 1987 kipimo cha afazia kwa watu wa lugha zaidi ya moja, na shuruti lake ni kwamba kisitafsiriwe neno kwa neno. Kila lugha itengenezewe chake, kwa sauti zake na sarufi yake. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo utafiti wa Uganda unapaswa kuanzia, maana ni nani kati yetu humu ndani anayeishi kwa lugha moja?

Tazameni vipimo tulivyonavyo. Kile cha kutaja picha cha Boston, cha mwaka 1983, kina picha 60. Ndani yake mna nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini, mna tunda la mwaloni, mna mnyama wa mitoni wa nchi za baridi ambaye mama wa Arua hajawahi kumwona hata kwenye kalenda. Akishindwa kumtaja, tumepima nini? Tumepima umbali wa Arua na Boston. Mpe sigiri, mwiko, jembe, mkungu wa matoke, mkeka, helmeti ya boda. Akishindwa hapo, ndipo utakuwa na la kuandika.

Na kubadilisha picha hakutoshi. Tumefundishwa kwamba mgonjwa akikwama tumpe sauti ya kwanza ya neno, imsukume. Kwa Kiingereza inasaidia. Sasa jaribuni kwa Kiswahili. Mgonjwa anatazama kikombe, amekwama, nawe unamwambia "ki...". Umempa nini? Kijiko, kisu, kiti, kitanda, kiatu, kitabu, vyote vinaanzia hapohapo. Umemfungulia geti la soko zima, naye alikuwa akitafuta duka moja. Nilihangaika na hilo miezi kadhaa nikidhani ni wagonjwa wangu walio wagumu. Siku hizi natoa silabi mbili, "kiko...", au naanza sentensi: "Chai nitilie kwenye..." Wakati mwingine naacha sarufi inisaidie: "Kile changu cha chai kimevunjika, kile ki..." Upatanisho wa ngeli unamzunguka mgonjwa pande zote, kila neno linamkumbusha jina linalotafutwa. Je, inasaidia kweli, au mimi tu ndiye ninayeona hivyo kwa kuwa nataka iwe hivyo? Hilo haliwezi kujibiwa na mtu mmoja mwenye wagonjwa sita. Linahitaji sisi sote tuhesabu kwa namna moja.

Au chukueni kitenzi. "Nitakupikia." Neno moja, na ndani yake yumo mpishi, wakati, mlaji, na kwamba ni kwa ajili yake. Vitabu vinasema mtu wa afazia ya Broca, ile ya kusema kwa shida, huangusha viambishi akabaki na maneno makavu. Kwa Kiswahili ukiangusha viambishi unabaki na "pik", ambalo si neno. Basi wagonjwa wetu hufanya nini? Mkenya Tom Abuom, akiwa na Roelien Bastiaanse wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2012 na 2013 kazi juu ya wagonjwa wanaosema Kiswahili na Kiingereza, juu ya usemi wao wa kawaida na namna wanavyotaja nyakati. Isomeni. Halafu jiulizeni ni nani atakayefanya hivyo kwa Kinubi, Kiganda, Kiacholi, Kilugbara.

Nije sasa kwenye kusaidiana. Kozi ya shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza Makerere mwaka 2008, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45 na zaidi nchini Uganda. Sina haja ya kuwaambia idadi yetu sisi watu wa fani hii, tazameni viti vya ukumbi huu. Kijana anahitimu, anapelekwa hospitali ambako hakuna mwingine wa fani yake, hata mkuu wake hajui hasa anafanya nini. Daktari wa upasuaji akikwama anamwita mwenzake chumba cha pili. Sisi tukikwama tunanyamaza. Lile kosa langu la Bombo lingedumu wiki mbili kama ningekuwa na mtu wa kumwuliza jioni ile? Angeniuliza swali moja tu: mzee huyu anasema lugha gani?

Wenzetu wa Marekani wana chama cha taifa cha tiba ya usemi tangu mwaka 1925, na ndani yake kundi mahususi la matatizo haya yatokanayo na ubongo. Mwaka 1983 wakaunda pia akademia ya fani hii peke yake. Walianza kwa kukutana na kubishana juu ya wagonjwa. Sisi tunaweza kukutana mara moja kwa mwezi, hata kwa simu, mmoja alete mgonjwa mmoja aliyemshinda. Aliyemshinda, nasisitiza, si aliyepona. Jina lisitajwe, sura isioneshwe, sauti isirekodiwe bila ridhaa iliyoelezwa kwa lugha anayoielewa mgonjwa, kwa picha na ishara ikibidi. Ugonjwa wa maneno haumnyimi mtu haki ya kukataa. Na siku tutakapotaka kuziita kumbukumbu hizo utafiti, zipite kwanza kwenye kamati ya maadili na kuandikishwa kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Ushahidi kwamba kazi yetu ina faida upo. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 57 yenye watu 3,002, na yakaonesha kwamba tiba husaidia mtu aliyepata afazia kwa kiharusi kuwasiliana. Ila yalionesha pia kwamba tiba ya saa nyingi ilikimbiwa na wengi zaidi. Niliposoma hapo nilimfikiria mama anayetoka Luweero kwa teksi na mgonjwa mapajani, nauli ya watu wawili, mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo nasema waziwazi: Uganda, tiba itakayofika ni ile itakayokaa nyumbani. Mwaka 2001 Aura Kagan na wenzake kule Toronto waliwafunza watu 20 wa kujitolea namna ya kuongea na mwenye afazia, wakawalinganisha na 20 wasiofunzwa. Waliokaa na waliofunzwa waliwasiliana vizuri zaidi, ingawa wagonjwa wenyewe hawakufunzwa chochote.

Hajati tulimfunza hayo. Zima redio. Uliza jambo moja kwa wakati. Andika majibu mawili, aguse moja. Ngoja, hesabu hadi kumi moyoni kabla hujamsaidia. Usimmalizie. La mwisho lilimshinda wiki nzima, kwa mapenzi tu. Na mjukuu wao alikuwa akimwita babu "kasiru", kama alivyosikia mtaani. Mnaojua Kiganda mnajua neno hilo la bubu limetoka shina moja na upumbavu. Hajati alilikataza ndani ya nyumba yake, na alifanya vyema.

Karatasi zinazopita sasa hivi zina mistari 30. Andikeni vitu 30 vya nyumbani kwa lugha ya wagonjwa wenu, vitu ambavyo bibi na mtoto wa darasa la nne wote wanavijua. Wanaosema Kinubi wakae hapa kulia, Kilugbara pale dirishani, Kiganda nyuma, mko wengi. Familia, nyinyi ndio mtakaotuambia tukikosea. Tuna saa moja kabla ya chakula.