Tapeti Kava Inayovuja: Kabla Hujashika Spana

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi mliokuja na magari yenu, maana nimepita kwenye maegesho nikaona madoa mapya chini ya mwarobaini. Wenyewe mnajijua.

Nimeombwa nizungumzie kubadilisha gasketi nyumbani, yaani kile kiziba kinachobanwa katikati ya vipande viwili vya injini ili kisivuje kitu. Gasketi za injini ni nyingi, tukizigusa zote tutalala hapa. Nashika moja tu, ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu kabisa wa injini, ule wenye kizibo cha kujazia oili. Na nitaizungumzia kwenye injini ambayo kama wewe huna, shemeji yako anayo: 4A-FE na mdogo wake 5A-FE, zile za Corolla za miaka ya 1990. Ya kwanza ina cc 1587, ya pili cc 1498. Silinda nne, vali 16, bloku, yaani mwili wa injini, ya chuma, na hedi inayokaa juu yake ya aluminiamu. Injini zisizo na makuu. Lakini Corolla ya mwaka 1996, kama gasketi yake haijawahi kuguswa, ule mpira umekaa juu ya joto miaka mingi sana. Ukiutoa utaona umekuwa mgumu kama plastiki, ukiukunja unakatika. Mpira wa namna hiyo hauzibi kitu, umekaa pale kwa mazoea.

Kufungua na kufunga ni kazi ya asubuhi moja, hata kwa mtu anayeanza. Watu hawaumii hapo. Wanaumia kwa kubadilisha gasketi isiyo na kosa, au kwa kubadilisha yenye kosa huku wakiacha kile kilichoiharibu. Ndiyo maana leo nitakaa zaidi kwenye uchunguzi kuliko kwenye spana.

Oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo ukiingia chini ya gari ukakuta sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imelowa, bado hujajua kitu. Sampu inalowa kwa sababu iko chini. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, hapo ndipo pa kuanzia kuuliza. Kwenye injini hii wapo watuhumiwa wengine wanaofanana na tapeti kava. Distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, kule upande wa gia boksi, ina oringi ndogo ya mpira ambayo nayo hukauka, na oili yake inateremka ubavuni mwa hedi ukadhani ni gasketi. Upande wa pili, nyuma ya kava la taimingi, kuna sili, yaani mipira ya kuziba: ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, na ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Zikivuja, hata ukifunga gasketi mpya kumi za juu, doa litabaki palepale.

Njia ninayoipenda haina gharama. Osha injini, ikauke, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka ukingo wa tapeti kava na sehemu unazozishuku. Endesha kidogo, rudi, fungua boneti. Oili itachora njia yake kwenye poda na hutahitaji kubishana na mtu. Halafu chomoa waya za plagi umulike tochi ndani ya vile visima. Ukikuta oili imejaa kuzunguka plagi, basi sili za visima vya plagi zimekwisha, na pengine ndiyo sababu gari linamisi, yaani silinda inakosa moto, asubuhi. Hizo sili zinabadilishwa siku hiyohiyo na gasketi. Usiziache kwa kubana matumizi, utarudi kufungua tena.

Dalili nyingine ni harufu. Kwenye Corolla hizi ekzosi iko mbele, upande wa rejeta. Oili ikidondokea pale, ukisimama kwenye foleni unasikia harufu ya kuungua na pengine unaona moshi mwembamba ukitoka kwenye boneti. Hilo msilizoee. Oili juu ya ekzosi ya moto ni hatari ya kuungua gari, achilia mbali aibu ya doa.

Sasa kile kilichoiharibu. Umri, ndiyo, na joto. Lakini kuna jambo la tatu ambalo mafundi wengi wa mtaani hawaligusi. Petroli ikilipuka ndani ya silinda, sehemu ya ile hewa chafu hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia chini, kwenye sampu. Lazima itoke. Wahandisi wakaiwekea njia, kivali kidogo kinaitwa PCV, kiko kwenye tapeti kava na mpira wake unakwenda kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Kivali hicho kikiziba kwa masizi, au mpira wake ukibanana, hewa inakosa pa kutokea na inaanza kusukuma kila upenyo dhaifu. Gasketi kuukuu ndiyo inayoachia kwanza. Unaibadilisha, baada ya muda mpya nayo inatoa jasho, unakwenda kugombana na muuza spea.

Kukikagua ni rahisi. Kichomoe, kitikise karibu na sikio. Kikiwa kizima kinacheza ndani na unakisikia. Kikikaa kimya kama jiwe, nunua kingine, bei yake ni ndogo. Au acha injini inaunguruma taratibu, chomoa kivali kwenye kava na uweke kidole mdomoni mwake. Unatakiwa uhisi kinavuta. Kama kivali ni kizima na bado ukifungua kizibo cha oili injini inapuliza moshi kwa nguvu, basi ringi zimechoka. Badilisha gasketi ukitaka, lakini usitarajie makubwa.

Hapa niseme kuhusu oili nzito. Najua mmeambiwa, gari likivuja mimina 20W-50 au nzito zaidi. Wako wanaofanya hivyo na doa linapungua. Linapungua, haliishi, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Mimi sipendi dawa ya namna hiyo.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi, usiseme tu "Corolla". Magari yetu mengi yameshabadilishwa injini. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, hiyo ndiyo utakayomtajia muuzaji. Chukua gasketi, sili za plagi, na zile washa za mpira zinazokaa chini ya nati za juu. Washa kuukuu zinavuja vilevile, tena oili yake inatapakaa juu ya kava na kukuchanganya.

Kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa. Toa waya wa hasi wa betri. Waya za plagi ziandike namba kwa kipande cha gundi ya karatasi kabla hujazigusa. Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2 na waya mbili zikibadilishana utadhani umeua injini. Mipira ya hewa iliyokauka usiivute, izungushe kwanza ilegee. Fungua nati, inua kava. Likigoma ligonge kidogo pembeni kwa mpini wa mbao. Usichomeke bisibisi ukingoni kubenua: ile ni aluminiamu, ukiikwaruza umetengeneza mfereji wa oili ambao hakuna gasketi itakayouziba.

Kava likitoka, funika kamshafti na matundu yake kwa vitambaa safi. Kisha safisha kingo mbili, ya kava na ya hedi, kwa kijiti cha mbao au plastiki, umalize kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye petroli kidogo, mbali na moto na sigara. Hapa msiwe na haraka. Gasketi bora kwenye ukingo mchafu itavuja. Nimeona kazi nyingi zimeharibika hapa kuliko mahali pengine popote.

Naona mkono pale nyuma. Sema, kaka. Anauliza kama apake silikoni kuzunguka kote ili awe na uhakika. Hapana. Silikoni ni ya pembe tu, pale kepu za kamshafti zinapokutana na hedi na kuacha ngazi ndogo ambayo mpira hauwezi kuifuata. Tone pale, basi. Ukipaka kote, kava likibanwa ziada inatokeza ndani. Siku moja kipande kinakatika, kinashuka kwenye sampu na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Injini inakosa oili kwa sababu ya gundi. Na gasketi ya mpira juu ya silikoni inateleza kutoka kwenye mfereji wake wakati unabana.

Kufunga: nati zote kwa vidole kwanza, kisha kwa spana kidogokidogo, ukianzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko mkono wako unavyotaka. Nati ya tairi ya Corolla inabanwa Nm 103, Nm ikiwa ni kipimo cha nguvu ya kubana. Hizi za tapeti kava ziko chini ya Nm 10. Kama una spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo, ndiyo siku yake. Kama huna, shika racheti fupi karibu na kichwa. Kwenye injini nyingi nati ikifika mwisho inakaa kwenye bega la stadi, ile bolti isiyo na kichwa iliyosimama kwenye hedi, ukiongeza nguvu huibani gasketi zaidi, unakata stadi.

Silikoni iachwe ikauke kama tyubu inavyoelekeza. Washa gari, liache liungurume robo saa, mulika tochi pande zote. Rudia kesho yake. Moshi kidogo mwanzoni ni oili ya zamani inayoungua kwenye ekzosi, hauna shida.

Swali la mwisho, dada hapo mbele. Anasema gari lake linapunguza maji, linachemsha, na kwenye kizibo cha oili kuna utando kama maziwa. Pole sana, dada yangu. Hiyo siyo tapeti kava. Inaelekea ni gasketi ya hedi imeungua, na hiyo sikushauri uifungulie nyumbani kwako kwa mara ya kwanza. Hedi lazima ipelekwe kwa watu wa mashine ipimwe kama imepinda. Kwa injini za aina hii kikomo ni 0.05 mm, kitu ambacho jicho halikioni. Kuanzia leo usiliendeshe, litolewe kwa kuvutwa. Nione tukimaliza nikuandikie mambo ya kumwuliza fundi kabla hajaanza kufungua.

Wengine, ile 5A-FE pale nje imeshapoa. Njooni na vitambaa vyenu.