Msishushe Giaboksi Kabla ya Kuisikiliza Rivasi

Ndugu zangu, karibuni. Najua wengine mlishanisikia nikilisema jambo hili, na mtalisikia tena leo, kwa sababu bado naona giaboksi za Muncie na Toploader zikifunguliwa mezani, zikibadilishwa ringi zote za sinkronaiza, zikirudishwa, na gia zikalia vilevile. Fedha imekwenda, wikiendi imekwenda, na ugonjwa ulikuwa kwenye klachi.

Nazungumzia magari ya Marekani ya miaka ya 1964 hadi 1972 hivi, yenye V8 kubwa na gia nne za mkono: GTO, Chevelle, Camaro, Mustang, Road Runner na ndugu zake. Giaboksi zenyewe mnazifahamu: Muncie na T-10 kwa upande wa General Motors, Toploader kwa Ford, A833 kwa Chrysler. Sitaeleza sinkronaiza ni nini. Asiyejua ajifunze kwanza, kisha arudi hapa.

Tuanze na rivasi. Katika giaboksi hizo, gia zote za kwenda mbele zina sinkronaiza ya kusawazisha mwendo, rivasi haina. Kwa hiyo rivasi haiwezi kukuficha kitu. Washa injini, ipashe moto mpaka ingurume taratibu. Kanyaga klachi mpaka chini kabisa, hesabu hadi kumi polepole, kisha sukuma lever kwenye rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia na shafti ya kuingilia, ile inayopeleka nguvu ya klachi ndani ya giaboksi, imesimama. Ikikwaruza, shafti hiyo bado inazungushwa na injini, na hakuna ringi ya shaba ya sinkronaiza duniani itakayokuponya.

Kuna atakayesema, "Lakini mimi gia ya pili pekee ndiyo inalia." Sawa. Fanya jaribio hilohilo. Sinkronaiza ya gia ya pili hufanya kazi nzito, na klachi inayokokota kidogo, yaani isiyoachia kikamilifu, huichosha kabla ya nyingine. Rivasi ikiwa kimya na gia ya pili bado inalia, hapo nakubali shida iko ndani. Ikikwaruza, ondoa kasoro ya klachi kwanza. Nimesema kwanza, si baada ya kununua vifaa.

Sasa klachi inakokota kwa nini? Hapa ndipo watu wanapokimbilia presha pleti mpya, ile sahani inayobana diski ya klachi. Tulieni. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage pedali, wewe lala chini utazame. Pedali inasukuma fimbo, fimbo inageuza shafti ya msalaba iliyofungwa kati ya injini na fremu, nayo inasukuma uma wa klachi. Kila kiungo kina tundu na pini. Tundu likishalika na kuwa mviringo wa yai, unapoteza milimita moja hapa, mbili pale. Bushi za nailoni zikishasagika, shafti ya msalaba inainama badala ya kuzunguka. Mwisho wa safari hiyo uma unasogea nusu tu ya unavyotakiwa, na klachi haiachii.

Na maunti za injini, zile mpira zinazoishikilia kwenye fremu! Hili halimfurahishi mtu, lakini mnalijua: maunti za Chevrolet za miaka ya 1965 hadi 1969 zilikuwa zikikatika, mpaka mwaka 1971 General Motors ikaita magari takriban milioni 6.7 yarekebishwe. Maunti ikikatika, injini inanyanyuka upande mmoja ukikanyaga mafuta, na shafti ya msalaba inapinda pamoja nayo. Gari linaingia gia vizuri likiwa limesimama, linakataa ukiwa barabarani unalikimbiza. Ukiambiwa dalili hiyo, usiguse giaboksi. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki, weka gia, gusa mafuta kidogo huku klachi ikianza kushika, na mtu mwingine, akiwa kando na si mbele ya gari, aangalie injini kama inaruka. Na bomba za moshi za kubadilisha, zile ndefu, ziangalie pia: mara nyingi zinagusa shafti ya msalaba.

Uchezaji wa pedali uwe takriban milimita 25 juu kabla beringi ya klachi haijagusa vidole vya presha pleti. Ukiwa zaidi, klachi haiachii. Ukiwa sifuri, beringi inazunguka daima na klachi itaanza kuteleza. Kisha fungua kifuniko cha chini cha beli, yaani kasha linalofunika klachi, kama kipo. Pedali ikiwa chini, pitisha fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, kati ya diski na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini: unataka nafasi ya inchi 0.030 hadi 0.050, yaani kama milimita 0.8 hadi 1.3, kuzunguka pande zote. Upande mmoja ukibana, diski imepinda.

Nafasi ikiwa nzuri na rivasi bado inakwaruza? Basi kuna kitu kinachoshika shafti moja kwa moja. Bushi ya shaba iliyo mwishoni mwa krenki, shafti kuu ya injini, ndiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza. Ikikauka inashika ncha ya shafti na kuizungusha hata klachi ikiwa imeachia. Wa pili ni kitovu cha diski kilichong'ang'ania kwenye meno ya shafti kwa kutu.

Nyongeza kwa wenye Chevrolet, kwa sababu naulizwa kila mara: beringi za klachi zipo fupi na ndefu. Presha pleti yenye vidole vilivyoinuliwa huchukua fupi. Yenye vidole vilivyonyooka, na ile ya vidole vitatu, huchukua ndefu. Ukizichanganya, hakuna marekebisho ya fimbo yatakayokutoa. Linganisheni kabla ya kufunga, msiamini boksi.

Lever ya gia. Lever nyingi za chapa ya Hurst zina tundu la kulinganishia, linalopokea pini ya robo inchi. Shina la keekee la ukubwa huo linatosha. Chomoa fimbo zote tatu zinazounganisha lever na giaboksi. Weka lever kwenye fri, yaani bila gia yoyote, pitisha pini. Weka mikono ya giaboksi kwenye fri pia, kila mmoja peke yake. Sasa zungusha ncha yenye uzi ya kila fimbo mpaka iingie kwenye bushi yake bila kulazimishwa. Kulazimisha kidogo ni kulazimisha. Kisha chomoa pini.

Na bolti za kuzuia, mbele na nyuma ya lever! Watu huzisahau kabisa. Zilegeze kabla ya kuanza. Ukimaliza, sukuma lever kwenye gia ya tatu, kaza bolti yake mpaka iguse, achia lever, rudisha bolti mzunguko mmoja, funga nati. Halafu gia ya nne vivyo hivyo. Zikiwa zimekazwa mno, gia haiingii mpaka mwisho, na ukiondoa mguu kwenye mafuta lever inaruka yenyewe. Mtu anabadilisha gia ya tatu nzima na slivu yake, kumbe ni bolti.

Gia kuchomoka kuna sababu nyingine niliyotaka kuipa nusu saa, na sina. Nitaipita haraka: beli isiyokaa katikati ya krenki. Funga dayal geji, ile geji ya mshale, kwenye flaiwili, ncha iguse ukingo wa ndani wa tundu la beli, zungusha krenki. Mpaka inchi 0.005, sawa. Zaidi ya hapo, pini za kulenga zenye mhimili uliohama zipo za 0.007, 0.014 na 0.021. Kumbukeni geji husoma mara mbili ya uhamaji halisi, ikisema 0.014, mnataka pini za 0.007. Wanaoweka beli za chuma za kuzuia vipande vya klachi wapime bila kukosa.

Kelele: ikisikika kwenye fri mguu ukiwa nje ya pedali ya klachi na ikanyamaza ukiikanyaga, angalia beringi ya mbele au shafti ya kaunta, ile ya chini ndani ya giaboksi. Ikitokea unapokanyaga tu, angalia beringi ya klachi. Inayosikika gia zote isipokuwa ya nne huwa ni ya kaunta, kwa sababu gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Na wenye Muncie aina ya M22, msije hapa mkilalamika kwamba inalia. Meno yake yamenyooka zaidi kuliko ya Muncie za M20 na M21, imeumbwa kulia.

Ukifungua kweli, pima nafasi kati ya ringi ya sinkronaiza na gia yake kwa fila geji, huku ringi imebanwa kwenye koni. Chini ya inchi 0.020, itupe. Kwenye Muncie angalieni tundu la mbele la pini ya kaunta kwenye kasha la alumini: likilegea linavuja mafuta na pini huanza kuzunguka. Pini ni inchi 7/8 hadi 1965, inchi 1 kuanzia 1966, na vifaa vya moja haviingii kwenye nyingine.

Wakati wa kuirudisha, msiiache ining'inie kwenye shafti, inapinda diski. Wala msiivute kwa bolti: masikio ya kasha yanapasuka. Isipoingia, diski haijakaa katikati.

Mafuta ya giaboksi ni ya daraja la GL-4, uzito 80W-90, gari likiwa limelala sawa na si pua juu ya jeki, mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu la kujazia. GL-5 hailingani na ringi za shaba. Swali la kuweka giaboksi ya gia tano nitalikataa, kwa hiyo anayelitaka ashushe mkono. Wengine, karibuni.