Usiku wa Kuamkia Lini? Maongezi na Wafanyabiashara Wanaosafiri

Haya jamani, nimepewa nusu saa tu kwahiyo naanza na aibu yangu mwenyewe ili msije mkasema nawasema nyie. Mimi nakatia watu tiketi hapa Kariakoo miaka mingi, na ndege imeshaniacha. Wala sio foleni ya Tazara, wala mvua. Nilifika Terminal 3 pale uwanja wa ndege wa Dar saa tatu usiku, begi nimelizungushia plastiki, nanukia, yule binti wa kaunta akaangalia pasi, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akasema kaka, ndege yako imeshaondoka, tena toka usiku uliopita.

Tiketi ilikuwa imeandikwa Jumatano, 00:45. Na mimi Jumatano usiku si ndo hii hapa nimekuja? Nilichelewa masaa ishirini huku najiona nimewahi.

Sasa hapo ndo pana mtego, maana tiketi inabadilisha siku saa sita usiku, sisi hatubadilishi siku mpaka tumelala tukaamka. Saa sita na dakika arobaini na tano usiku, hujalala, kwako bado ni Jumanne, kwa tiketi ni Jumatano tayari. Wazee wa pwani wao hawana shida hiyo, usiku wa Ijumaa kwao ni Alhamisi baada ya magharibi, usiku ndo unatangulia. Na magazeti yanaandika kila siku, ajali imetokea usiku wa kuamkia Jumatano. Neno tunalo! Siku hizi mteja wa ndege ya usiku namwandikia kwa peni juu ya tiketi: usiku wa kuamkia Jumatano, uwe uwanjani Jumanne saa tatu usiku. Basi.

Alafu kuna ile ya 03:25. Mtu anaona tatu anasoma saa tatu, anakuja saa tatu asubuhi na chai kashakunywa, wakati ndege imeondoka saa tisa usiku. Namba ndogo chini ya saba ongeza sita, kubwa toa sita, ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena. Naona dada pale nyuma anahesabu vidole, hesabu tu mama, ni bora uhesabu hapa kuliko kule kaunta.

Wa foleni nao wapo, siwasahau. Unatoka Mbezi jioni unasema nawahi, flaiova ya Mfugale pale Tazara ipo toka 2018, sawa ipo, lakini foleni inakusubiri kabla yake na baada yake. Na watu wanauliza, ndege si bado naiona pale kwenye kioo, kwanini wasinifungulie? Ndege za nje kaunta nyingi zinafungwa saa moja kabla ya kuruka, maana wanajumlisha uzito wa abiria, mabegi na mafuta, rubani anapewa karatasi ya hesabu hiyo kabla hajaondoka. Na mizigo ndo usiseme. Mwaka 1988 bomu lililipuka ndani ya begi kwenye ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270, na lile begi lilipakiwa bila mwenyewe kuwemo ndani. Kwahiyo leo ukikabidhi begi alafu ukapotelea dukani kununua pafyumu, wanashuka kulitafuta begi lako kule chini walitoe, abiria wote wamekaa wanakusonya.

Kingine ambacho kiliniuma kuliko kuachwa kwenyewe, ukikosa ya kwenda mashirika mengi yanafuta na ya kurudi hapohapo. Kwahiyo usikimbilie kununua tiketi nyingine ya kwenda tu ukidhani ya kurudi ipo, wapigie simu kwanza, na ukiona foleni imekushika piga kabla muda haujapita, sio baada. Wengine wanakubadilishia kwa faini. Mimi faini yangu ilikuwa karibu nusu ya tiketi na nikalipa bila kubisha.

Shida ilikuwa kurudi mtaani. Nilishaagwa, mama mkwe kashaomba dua, majirani wameshatoa oda zao za simu na viatu. Nikarudi saa saba usiku kwa bajaji, nikazima taa, nikakaa ndani siku mbili, mke wangu akiulizwa anajibu amefika salama.