Nani Anakimbia Benki? Mazungumzo ya Wawekezaji Wawili

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo hatuna mgeni. Mimi na kaka yangu hapa tumeamua kuulizana maswali tunayowauliza kila siku waanzilishi wa kampuni changa za teknolojia ya fedha. Kaka, naomba nianze na wewe, maana najua hukuanzia kwenye uwekezaji.

KAKA: Asante, dada. Nilianzia mtaani. Mwaka 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuizindua Kenya, kazi yangu ilikuwa kuwatembelea mawakala wa Dar es Salaam. Namkumbuka mama mmoja wa Tandika, mwenye meza, mwavuli na daftari la mistari. Asubuhi wafanyabiashara walimletea noti za kuweka mpaka floti yake, yaani salio la pesa kwenye simu yake ya uwakala, ikaisha. Jioni watu walikuja kutoa, naye akawa na floti tele lakini droo tupu. Alikwenda benki mara mbili kwa siku kusawazisha, na siku aliyokwama kwenye foleni, wateja walihamia kwa jirani. Mpaka leo, mwanzilishi akinionyesha michoro yake mizuri, swali langu la kwanza ni hili: pesa ikikwama, nani anakimbia benki?

DADA: Basi mimi nilikuwa upande wa pili wa foleni hiyo, dirishani, nikihesabu noti za watu kama huyo mama. Nilipohamia kwenye uwekezaji Nairobi, M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2012, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba mkopo mdogo unaweza kutolewa kwa simu bila dhamana ya kiwanja wala hati, na sisi wawekezaji tukaukimbilia mlango huo. Kampuni moja niliyoipigia kura kwenye kamati ilikua kwa kasi, nami sikuuliza inadai madeni yake kwa njia gani. Baadaye nilifahamu kwamba programu yake ilichukua majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, walipigiwa mkwe wake, bosi wake, hata mwalimu wa mtoto wake. Dhamana ilikuwa aibu. Marejesho yaliyonifurahisha kwenye ripoti yalitoka huko, na jambo hilo bado linaniuma.

KAKA: Ndiyo maana siwezi kulalamikia udhibiti. Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu mwishoni mwa mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali kupata leseni na zikawakataza kuwasumbua ndugu na marafiki wa mkopaji. Sisi tulipaswa kudai hayo mapema, kwenye mikataba yetu.

DADA: Nadhani haraka hiyo ilitokana pia na fedha zenyewe. Mfuko wa uwekezaji kwa kawaida huwa na miaka 10 tu ya kuwarudishia wenye fedha chao, tena hesabu zake ni za dola, ilhali kampuni inakusanya shilingi. Shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 100 kwa dola mwanzoni mwa 2020, na Januari 2024 ikapita 160. Kampuni inaweza kuongeza mapato yake kwa nusu nzima, na kwenye vitabu vya mfuko ikaonekana imesimama palepale.

KAKA: Kwa hiyo fedha zaidi zinapaswa kutoka hapa hapa, hasa kwenye mifuko ya pensheni, ambayo michango na malipo yake ni ya shilingi. Hili nalisema kwa uzito wote.

DADA: Na hiyo fedha ungeiweka wapi?

KAKA: Kwenye mabomba, dada, yaani mifumo inayopitisha pesa. Tanzania ilianza mapema kuruhusu pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, Tigo, Airtel na Zantel zilipokubaliana mwaka 2014, na sasa Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu. Bado kuna kazi kubwa juu ya mabomba hayo: kugundua utapeli kabla pesa haijaondoka, kurudisha haraka muamala uliokosewa namba, kumkopesha wakala floti saa anayoihitaji.

DADA: Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta. Mwezi uliopita vijana wawili walinieleza mpango kama huo, nami nikawaomba tukakae kwanza kwa wakala, siku nzima, tangu anapofungua mpaka anapofunga hesabu. Tulikaa. Saa kumi jioni walikuwa wamefuta nusu ya mpango wao na kuanza kuandika upya nyuma ya daftari lake.