Joseph Brodsky na wazazi waliobaki Leningrad

Ndugu zangu wapenzi wa fasihi, asanteni kwa kufika. Wengi tunamjua mshairi wa Kirusi Joseph Brodsky kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1987. Leo naomba tuanze na baba na mama yake.

Alexander Brodsky na Maria Volpert waliishi Leningrad, Umoja wa Kisovyeti (leo mji huo ni St. Petersburg, Urusi), na mtoto wao wa pekee katika chumba kimoja na nusu, ndani ya nyumba waliyochangia na familia nyingine, jiko na choo vikiwa vya wote. Kijana alijitenga kwa makabati na rafu za vitabu, juu yake akapanga masanduku ya safari. Nyuma ya ukuta huo ndiko alikoandika.

Mwaka 1964 alishtakiwa kwamba hafanyi kazi. Wale wa enzi za Ujamaa mtanielewa nikisema aliitwa kupe. Hakimu alimuuliza nani kamtambua kuwa mshairi. Akajibu: hakuna; na nani kaniingiza katika orodha ya binadamu? Akahukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu, akapelekwa kijijini mkoa wa Arkhangelsk. Waandishi walipiga kelele, ndani na nje ya nchi, na mwaka 1965 akaachiwa.

Tarehe 4 Juni 1972 akaondoshwa nchini, akiwa na miaka 32. Alipitia Austria, kisha akaenda Marekani kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan.

Wazazi wake wakaanza kuomba ruhusa ya kwenda kumwona tu, kisha warudi kwao. Wakanyimwa, wakaomba tena, wakanyimwa, kwa miaka kumi na miwili. Mama alifariki 1983, baba akamfuata 1984. Hawakumtia mtoto wao machoni tena. Kwangu mimi, hukumu nzito kuliko zote ilikuwa hii, na walioitumikia ni wazee wawili wasioshtakiwa kwa lolote.

Mashairi aliendelea kuyatunga kwa Kirusi. Lakini insha kuhusu wazazi wake aliiandika kwa Kiingereza, kwa makusudi: hakutaka wafungwe tena ndani ya lugha ya dola iliyowafungia.

Dola hiyo ilipoanguka mwaka 1991, njia ya kurudi ilikuwa wazi. Hakurudi. Wapo wanaomlaumu, mimi najiuliza angebisha hodi kwa nani. Alifariki New York Januari 1996, akazikwa Venice.

Tupumzike kidogo, kisha tuisome insha hiyo pamoja.