Fuata Mfereji: Mhadhara Kuhusu Wilaya ya Al Hamra, Oman

Assalaamu alaikum. Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana mliokaa nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mashamba huko Uarabuni. Uarabuni ni pakubwa, kwa hiyo leo nitakaa mahali pamoja tu: Al Hamra, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah, Oman, kiasi cha kilomita 200 kutoka Muscat ukielekea bara. Wenyewe wanaiita wilaya kama tunavyosema sisi, na mkuu wake ni wali, ndiye yule pwani yetu ilimwita liwali. Wazee wa hapa wanaijua nchi hiyo kwa jina la Manga. Jina hilo bado limo majikoni mwetu, kwenye komamanga na pilipili manga.

Tuanze na mlima, maana bila mlima hapangekuwa na wilaya. Jebel Shams, mlima wa jua, ndio mrefu kuliko yote Oman, takriban mita 3,000. Huko juu hakuna mitende. Kuna miti ya jamii moja na mtarakwa wa milima yetu. Mwamba wake ni wa chokaa, uliojengeka chini ya bahari ya kale, na ndani yake mna visukuku vya viumbe wa baharini. Chokaa hiyo hunywa mvua. Mvua yenyewe ni chache, lakini ikinyesha maji huzama kwenye nyufa, yakapotea machoni, kisha yakatokeza chini kabisa, mbali na pale yalipoanguka.

Ubavuni mwa mlima limepasuka korongo la Wadi Nakhr, lenye kina cha karibu kilomita nzima. Kutoka Al Khitaym kuna njia ya miguu inayopita ukingoni mwake hadi As Sab, kijiji kilichohamwa, nyumba zake za mawe zimejibanza chini ya mwamba. Unajiuliza nani alithubutu kuishi pale. Ukisogea mbele kidogo unakuta matuta ya kulimia, na juu yake kidimbwi cha maji. Jibu ndilo hilo.

Pango la Al Hoota nitalipita haraka, ingawa ndilo linalovuta wageni wengi. Lilifunguliwa kwa umma mwaka 2006. Mna ziwa ndani, na samaki wasioona. Samaki wa jamii hiyo hiyo wanaoishi kwenye vijito vya nje wana macho yao kama kawaida. Wa gizani wameyapoteza, kizazi baada ya kizazi.

Sasa njooni Misfat al Abriyyin, nilikotaka kuwafikisha tangu mwanzo. Ni kijiji kilichojengwa juu ya majabali, nyumba zimepandana, vichochoro vyembamba, na chini yake bustani za ngazi kwa ngazi: mitende juu, ndimu na migomba kivulini. Vyote hivyo vinaishi kwa mfereji mmoja usiozidi upana wa hatua. Mfereji wa namna hii Waomani huuita falaj, na wingi wake aflaj. Oman ina kiasi cha 3,000 zinazotiririka hadi leo. Tano kati yake ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna hadithi ya kale kwamba Nabii Suleiman alifika Oman akawaamuru majini wazichimbe. Mimi kilichonishangaza zaidi ni utaratibu uliowekwa na binadamu.

Sikilizeni. Kwa desturi ya falaj, maji yakifika kijijini kwanza ni ya kunywa. Yakishapita hapo ni ya udhu msikitini, kisha mahali pa kuogea wanaume, kisha wanawake, kisha pa kuoshea maiti. Baada ya hapo ndipo yanaingia mashambani, na huko mtende hutangulia. Mazao ya msimu hupata kinachobaki, na mwaka wa ukame hayapandwi. Shamba hupata maji kwa zamu. Kipimo kinaitwa athar, kama nusu saa, na zamani mchana walikipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Kuna zamu za urithi, kuna zilizowekwa wakfu kwa msikiti, na kuna zinazouzwa mnadani ili fedha zitengeneze mfereji. Msimamizi anaitwa wakili, wala si wa mahakamani!

Mji mkongwe wa Al Hamra wenyewe haukupata bahati ya kutunzwa hivyo. Una majumba ya udongo ya ghorofa mbili tatu, mengine yana miaka kama 400, dari zake za magogo ya mitende na makuti. Wenyewe walihamia nyumba mpya za matofali ya saruji zenye umeme na barabara, na siwalaumu hata kidogo. Lakini nyumba ya udongo isipokandikwa, mvua chache zinaitoboa, ikishatobolewa dari, ukuta haukai. Sisi tulioshuhudia Beit al-Ajaib ya Zanzibar ikiporomoka Desemba 2020 tunajua uchungu wake.

Katika mji huo imesalimika Bait al Safah, ambayo sasa ni makumbusho. Wanawake wa hapo hukaanga kahawa mbele yako na kukamua mafuta ya mbegu za shuu, mti wa ukoo mmoja na mlonge wetu. Utakaribishwa tende kwanza, kahawa baadaye. Ukitosheka, kitikise kikombe kidogo, la sivyo wataendelea kukumiminia.

Atakayejaaliwa kwenda, aende kati ya Novemba na Machi, avae nguo za heshima, maana pale ni majumbani mwa watu. Misfat aanzie kwenye birika chini ya kijiji, kisha apande na mfereji polepole, maji yakimjia kwa mbele, mpaka nyumba ziishe na abaki yeye na mwamba.